Wifi Yangu wa Redioni

Farasi jike alikuwa ameshaita na kuita tena ndipo nikagundua kwamba anayeitwa ni mimi.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, saa ya hadithi za watoto. Mama alikuwa akikata unga wa maandazi kwa kisu, mimi nimekaa sakafuni nachambua manyoya ya kondoo, na redio iko juu ya sanduku la nguo, imetandikiwa kitambaa cha darizi kama mgeni wa heshima. Aliyekuwa akisoma ni wifi yangu, Sabira. Hadithi yenyewe tuliijua sote: farasi jike anampoteza mwanawe kwenye ukungu, anazunguka mabonde akimwita, na huyo mtoto wa farasi anaitwa Kashka. Kitabu kilikuwa kikisema hivyo tangu Mama akiwa msichana. Asubuhi ile Kashka hakutajwa.

"Ayimkan," aliita farasi kwa sauti ya wifi. "Ayimkan, mwanangu, uko upande gani?"

Kisu cha Mama kilisimama kwenye unga. Mimi nikainuka, manyoya yakamwagika mapajani.

"Kaa chini," Mama alisema.

Nilikaa. Nikainuka tena. Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, lakini siku ile miguu haikuwa yangu kabisa.

"Ananiita, Mama."

"Hakuna anayekuita. Huyo ni farasi."

Siku hizo hadithi zilisomwa papo hapo, neno likishatoka limetoka. Kwa hiyo farasi aliendelea kuniita bonde baada ya bonde, na katika kila nyumba ya kijiji chetu yenye redio watu walikuwa wameacha walichokuwa wakifanya. Najua hivyo kwa sababu hadithi ilikuwa haijaisha jirani yetu Kerez akaingia bila kubisha hodi, mikono ina majivu.

"Salkyn, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Redio yenu."

"Redio ni ya nchi nzima, Kerez. Kama umesikia huko kwako, huku umefuata nini?"

Kerez akanitazama mimi, akatazama redio, akaondoka. Mama aliizima redio kabla farasi hajampata mwanawe, na mpaka leo kila ninapoisoma hadithi ile naona kama mwisho wake umebandikwa baadaye.

Kwetu milimani, mtoto wa kwanza wa mwana wa kiume hupewa wazazi wa huyo mwana wamlee, awe wao. Mimi nilipewa nikiwa bado nanyonya. Basi waliotakiwa kuwa bibi na babu wakawa Mama na Baba, na Baba akafariki ningali mdogo. Walionizaa wakawa kaka Turat na wifi Sabira, wakaaji wa mji mkuu, Frunze, wanaokuja wakati wa sikukuu na peremende za karatasi za kung'aa. Haikuwa siri. Kijiji kizima kilijua, mimi nilijua, mbwa wetu alijua. Ilikuwa tu ni jambo lisilosemwa, na mtoto huyajua mambo yasiyosemwa mapema kuliko yale anayofundishwa.

Na wifi kwetu ana adabu zake. Watu wazima wa upande wa mume hathubutu kuwataja majina. Wadogo wa mume nao huwapa majina ya kuwabembeleza, na ndiyo anayowaitia maisha yake yote. Mimi nilikuwa Erke, yaani mwenye kudeka. "Erke, njoo upokee zawadi yako." "Erke amekua." Tangu nizaliwe hadi Jumapili ile, mwanamke aliyenizaa hakuwahi kuliweka jina langu mdomoni mwake mbele yangu.

Jina la Mama, Salkyn, maana yake ni baridi ya kivulini. Kwa hiyo wifi hakusema neno hilo popote, si nyumbani si kazini. Maji yalikuwa "yasiyo moto", na upepo ulikuwa "ule wa kujifunika". Aliwahi kusoma redioni hadithi ya watoto waliopotea kwenye baridi kali, na neno lile likawa linabadilika kila mstari, mara theluji, mara barafu, mara hali mbaya. Mama alizunguka kijiji wiki nzima akijisifu. "Yuko mbele ya maikrofoni, nchi nzima inamsikiliza, na bado jina langu hakulitaja. Nyie wakamwana wenu wanawaita kama mbuzi." Huko kituoni hawakuona raha hiyo. Kaka Turat alitwambia kwamba mkubwa wa wifi alimweka kitako akamwonya: vitabu vya zamani havibadilishwi, akibadilisha neno lingine tena atasoma mwingine.

Shuleni wenzangu walipata cha kunitania.

"Juzi mama yako alikuwa mbuzi," aliniambia Mederbek, mtoto wa Kerez. "Wiki hii bata. Wewe ndege au mnyama?"

"Si mama yangu. Ni wifi yangu."

"Basi wifi yako bata."

Nilimpiga kwa mkoba. Nilipiga wengi mwaka ule. Nilikuwa natetea ukweli ambao nisingeweza kuueleza, ule wa kwamba nina Mama mmoja nyumbani, amekaa, ananuka moshi na maziwa, na yule wa redioni ni wa watoto wote. Lakini Jumapili sikukosa hata hadithi moja. Nilikuwa nasikiliza sauti tu. Sauti ya wifi ilikuwa na namna ya kushuka mwishoni mwa sentensi, kama mtu anayeinama kukufunga kamba za viatu, na mimi nilikuwa nanyoosha mguu bila kujijua.

Sasa mimi mwenyewe ni mtu wa vitabu vya watoto. Nimevihariri miaka mingi hadi nimechoka navyo na siwezi kuviacha, na kama kuna watu ninaowafahamu duniani ni mama wa vitabuni. Wengi wao hufa ukurasa wa kwanza. Wakifa wanaacha baraka, au ng'ombe, au shanga, na kitu hicho kinafanya kazi yote ambayo wao wangeifanya. Wengine wako hai lakini wametoka kwenda kutafuta chakula, na mbwamwitu anajua saa ya kuja. Wale wema hawana majina. Mtoto ana jina, mbwa ana jina, hata kijiko kina jina, mama ni mama. Vijana wa ofisini wananiuliza kwa nini basi tunawakumbuka wao kuliko mashujaa. Nawajibu kwa ukali, maana swali linaniudhi, na linaniudhi kwa sababu jibu nalijua kwa mwili wangu. Katika hadithi zile zote mtoto anathubutu kwenda mbali kwa kuwa kuna mtu mahali fulani anayeliita jina lake. Akiacha kuitwa, hadithi inamwachia mbwamwitu.

Mama hakuwapenda mama hao. Alisikiliza kila hadithi huku akitikisa kichwa.

"Mama gani huyu anatoka anaacha watoto peke yao? Bibi yao yuko wapi?"

"Hadithi haisemi, Mama."

"Haisemi kwa sababu aliyeiandika hakuwa na mama mkwe. Angekuwa naye asingethubutu."

Hoja yake ilikuwa nzuri na bado sijaona aliyeijibu. Mabibi wa vitabuni ama wanaliwa, ama wanakula watu. Hakuna aliyeandika habari za bibi aliyekaa nyumbani kuwalinda watoto hata mbwamwitu akaona aibu akarudi alikotoka. Mama alijiona yeye ndiye huyo, na kwa miaka ile yote ndiye aliyekuwa.

Mwezi wa Februari kabla ya Jumapili ile, wifi na kaka walikuja. Wifi hakuwa amepata mtoto mwingine baada yangu. Hilo pia halikusemwa. Alipiga magoti karibu na birika akatumiminia chai kidogo kidogo, kama inavyompasa mkamwana, na alipoanza kuongea aliongea na birika.

"Mama, mjini karibu na kwetu pana shule nzuri. Nilikuwa nasema Erke angekaa kwetu miezi ya theluji. Kiangazi arudi."

Kaka Turat alitazama dirisha kama mtu aliyesikia gari lake likiibwa.

"Chai hii nyepesi," alisema Mama.

Wifi akaongeza majani. Birika likagonga kikombe.

"Ulinipa kwa mikono yako miwili," Mama alisema baadaye, sauti ya chini. "Sikukupokonya. Umesahau?"

"Sijasahau, Mama."

"Nimefiwa na mume. Humu ndani tumebaki mimi na huyu. Ukimchukua, asubuhi nitaamka nimpikie nani?"

"Nimekosa, Mama," wifi alisema, akammiminia tena.

Nilikuwa nimekaa katikati yao na kipande cha mkate mkononi. Hakuna aliyeniuliza. Wangeniuliza nisingejua la kusema, kwa maana nilitaka kwenda na nilitaka kubaki, na vyote viwili nilivitaka sawasawa. Nilitoka nje nikazunguka zizi hadi wakaondoka.

Ndiyo maana Jumapili ile farasi alipoita, Mama alijua, na mimi nilijua, kwamba kile kilichokataliwa mbele ya birika kilikuwa kimeombwa upya mbele ya nchi nzima.

Jumatatu kabla jua halijatoka kwenye mlima, Mama alivaa kilemba chake kikubwa cheupe, kile cha harusi na misiba. Akanivika koti. Hakuniambia tunakwenda wapi mpaka tukawa ndani ya basi la Frunze.

"Utamfokea?" niliuliza.

"Nitamuuliza swali."

"Utamuuliza nini?"

"Nitamuuliza kama mimi nimekufa."

Njia ya kushuka korongoni ni ndefu, na mimi nilihama kiti hadi dereva akanikemea. Niliogopa Mama angemfanyia wifi fujo kazini kwake. Wangemfukuza, na Jumapili nyingine ingesoma sauti ya mtu asiye wangu. Halafu hapo hapo nilikuwa na hasira naye wifi, kwa kulitumia jina langu bila kuniomba, kana kwamba alikuwa amemwazima Mederbek anicheke nalo vizuri. Na chini ya hayo yote nilitaka aniite tena. Nilitaka hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na niliona haya, kwa sababu mkono uliokuwa umenishika nisianguke kwenye kona ulikuwa wa Mama.

Mlangoni mwa kituo mlinzi alitusimamisha.

"Mama, humu haingii mtu bila kibali."

"Mimi si mtu. Ni mama mkwe wa Sabira."

Mlinzi alikuwa kijana wa kwetu kwetu, alisogea.

Tulimkuta wifi kwenye ofisi ya ghorofani, mlango uko wazi. Amesimama. Mbele yake, nyuma ya meza, alikuwa amekaa mwanamume mwenye miwani, huyo mkubwa wake, Bwana Jumagulov, na kitabu kimefunguliwa kwenye picha ya farasi. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akiongea polepole, kama mwalimu na mtoto mzito, na nilimwona Mama akisimama ghafla mlangoni, swali lake likiwa bado mdomoni.

"Simu zimelia tangu jana," bwana yule alikuwa akisema. "Watoto wanauliza Kashka kaenda wapi. Watu wazima wanauliza nani kakupa ruhusa. Mara ile ilikuwa ile baridi yako. Nikasema basi, mambo ya nyumbani, tunayaelewa. Sasa hii nayo ni nini? Ayimkan ni nani?"

Wifi aliinua macho kujibu, akatuona.

Nimefikiria sana, tangu nilipokuwa mkubwa, jinsi alivyokuwa amebanwa pale. Akisema "ni wifi yangu", mkubwa wake ataona amechezea kazi kwa upuuzi, na kesho atasoma mwingine. Akisema "ni mwanangu", amesema mbele ya mama mkwe lile ambalo mkamwana halisemi. Aliinamisha kichwa. Rangi ya shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka ndani ya kola. Asingejibu, nililiona hilo. Angekaa kimya mpaka afukuzwe, arudi nyumbani akampikie kaka Turat, na redio yetu ingebaki na kitambaa chake cha darizi.

"Nimekuuliza, Sabira."

Mama aliniachia mkono. Akaingia, kilemba kikagusa fremu ya mlango.

"Muulize aliyekuja kujibu," alisema. "Ayimkan ni huyu hapa. Ni binti yake. Kamzaa yeye."

Bwana Jumagulov akavua miwani.

"Mama akimwita mwanawe, wewe kimekuuma nini?" Mama aliendelea. "Katika hicho kitabu chako farasi anaruhusiwa, binadamu haruhusiwi? Mimi ndiye niliyemwambia amwite. Kama kuna kosa, nifukuze mimi."

Alikuwa anadanganya, waziwazi, na uso mkavu. Wifi alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo. Mimi nilikuwa nimeganda mlangoni, mara ya kwanza tangu nizaliwe siwezi hata kujikuna.

Bwana yule alisimama, maana aliona kilemba na umri. Naye alikuwa mtu wa milimani, nadhani alikuwa ameshaanza kuelewa.

"Sikujua, mama," alisema kwa upole. "Karibu uketi. Na wewe ni nani wake huyu mtoto?"

Mama hakuketi. Alitazama kitabu kilichofunguliwa mezani, kisha akanitazama mimi, tangu nywele hadi viatu, kama anayehakikisha hajasahau kunifunga kifungo.

"Mimi ni bibi yake," alisema.

Nje basi la umeme lilipita, vioo vikatikisika. Bwana Jumagulov alivaa miwani, akafunga kitabu, akasema kwamba Jumapili ijayo Kashka aitwe Kashka, na kwamba aliyesoma ataendelea kusoma. Akatuagizia chai ambayo hatukuinywa.

Wifi alitusindikiza hadi kituo cha mabasi. Njia nzima alitembea hatua moja nyuma ya Mama, kama inavyompasa. Alininunulia mkate wa jamu, akanipa, na nilisubiri alitaje jina langu sasa, kwa kuwa limeshatajwa na kila mtu. Akafungua mdomo.

"Kula taratibu, Erke," alisema.

Basi lilipoanza kunguruma, Mama alimgeukia. Alimwambia bila kumwangalia usoni kwamba nyama ya mafuta hainikai tumboni, kwamba usiku napiga mateke, kwamba nikinuna nisifuatwe, nitarudi mwenyewe. Kwamba atanileta shule itakapofunguliwa.

"Mama," wifi alisema, akainama sana, kichwa kikabaki chini.

"Simama vizuri, watu wanatutazama. Na kiangazi ni wangu."

"Ni wako, Mama."

Tulipanda. Wifi alibaki amesimama pale kwenye moshi, mikono imekunjwa kifuani, midomo yake ikicheza. Dirisha lilikuwa limefungwa na injini inapiga kelele, kwa hiyo siwezi kuapa ni neno gani alilokuwa akisema. Neno nililijaza mimi.

Mji uliisha. Mashamba ya viazisukari yakapita, kisha mawe, kisha korongo likatumeza, mto ukiwa chini unatoa povu. Mama alikuwa amekivua kilemba, amekiweka mapajani, na bila hicho alikuwa mdogo kuliko nilivyozoea. Nilitaka kumwambia kwamba sitakwenda. Nilitaka kumuuliza kama siku zimebaki nyingi. Vyote viwili, tena.

"Mama," nilimwita.

"Unamwita nani?" alisema, macho yakiwa mtoni. "Mama yako tumemwacha mjini."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama alivyokuwa akiniambia kwamba unga umekwisha. Nilitafuta neno jingine la kumwitia, nikalikosa. Bibi lilikuwa neno la watoto wa watu wengine, sikujua hata linaanzia wapi mdomoni. Basi kutoka pale hadi tuliposhuka Kochkor sikumwita kitu. Nilipotaka maji nilimvuta mkono wa koti, na nilipotaka mkate nilimvuta mkono wa koti, na kuna mara nyingine nilimvuta na hapakuwa na kitu nilichotaka, naye kila mara akageuka.